Usiung'oe Minyaa kwa Sababu ya Mabati

Ndugu mkulima, siku hizi nikipita vijijini naona uzio wa minyaa unang'olewa, mahali pake panawekwa mabati au ukuta wa tofali. Naelewa, mabati yanaonekana ndiyo maendeleo. Lakini kwa mwenye nyanya na mipapai karibu na nyumba, naona hapo tunapata hasara.

Upepo hauzuiwi, unapunguzwa kasi. Ukikutana na ukuta usio na tundu unaruka juu, halafu unashuka upande wa pili ukizunguka, palepale ulipopanda. Minyaa inapitisha karibu nusu ya upepo, na ule unaopita unakuwa umeshachoka. Uzio wa mita 2 unatuliza upepo hadi kama mita 20 nyuma yake. Bustani nyingi za huku hazizidi hapo.

Nyanya iliyopigwa na upepo hudondosha maua, na matunda yake huchubuka kwa kusuguana na miti ya kuegeshea. Mchuuzi akifungua tenga akaona makovu, bei inashuka hapo hapo, na hana kosa. Mpapai wenye matunda ndio usiseme, huanguka mzima.

Wazee wa Shinyanga wanajua ardhi ikibaki uchi inakuwaje. Vichaka vilifyekwa ili kumaliza mbung'o, pamba ikafuata, hadi mwaka 1986 mradi wa HASHI ulipoanza kurudisha miti na ngitili. Upande wa Geita miti bado inakwenda kwenye matimba ya mashimo ya dhahabu na kwenye mkaa. Sasa tuondoe na minyaa?

Upepo wa kiangazi hutoka zaidi mashariki na kusini-mashariki, basi anzia huko. Kata vipande, viache kivulini siku chache kidonda kikauke, ndipo uchomeke, kama sentimita 30 kati ya kimoja na kingine. Mboga zikae mita 2 au zaidi kutoka kwenye uzio, mizizi isigombanie maji. Mwaka wa kwanza, wakati minyaa bado mifupi, simamisha mabua ya mtama upande huo, usiyabane sana.

Utomvu wake ni hatari kwa macho. Ukikata, simama upepo ukiwa mgongoni, nawa mikono kwa sabuni kabla ya kujigusa usoni, na watoto wasichezee matawi.