Kwenu ni wapi, mtu wa Kibra?

Ulipofikisha miaka 18 ukaenda kutafuta kitambulisho, uliulizwa kwenu ni wapi. Kama wewe ni wa Gatwekera kama mimi, najua hukujibu Gatwekera. Ulitaja kijiji cha babu yako, iwe ni Siaya, Vihiga au Machakos, mahali ambapo labda umefika mara mbili tatu, zote za matanga. Mimi nilifanya hivyo hivyo. Hata jina la kijiji nililiandika vibaya, mamangu akanirekebisha. Kadi ikatoka bila shida.

Sasa vuka reli uelekee Makina. Kuna jamaa huko tumecheza naye mpira tangu tukiwa darasa la nne. Ni Mnubi. Aliulizwa swali hilo hilo na akajibu ukweli: kwetu ni Kibra. Hapo ndipo matatizo yalipoanza. Lete karatasi za babu. Lete cheti cha kuzaliwa cha babako. Apa mbele ya wakili. Halafu ngoja siku ya wazee kukupiga msasa.

Mimi nilidanganya nusu, nikapita. Yeye alisema kweli, akaambiwa angoje.

Na ukitaka kujua nani alitangulia kufika hapa, hiyo stori ni fupi. Wazee wa Kinubi walitolewa Sudan wakawa askari wa Mwingereza, wakapigana chini ya King's African Rifles. Mwanzoni mwa karne iliyopita wakapewa msitu huu wakae. Hata jina Kibra ni lao, maana yake ni msitu. Eneo lenyewe lilikuwa zaidi ya ekari 4,000, lakini hatimiliki Mwingereza hakuwapa, na Kenya huru nayo ikachukua miongo. Wazazi wetu walipokuja Nairobi kutafuta kazi, wengi walipanga vyumba kwa Wanubi. Juni 2017 ndipo Rais Uhuru Kenyatta alipowakabidhi hatimiliki ya ekari 288. Piga hesabu mwenyewe, haifiki hata moja kwa kumi.

Kwa hivyo mgeni ni nani kati yangu na yeye?

Najua utasema mambo yamebadilika, na ni kweli kiasi. Mnamo 2011 kamati ya Afrika inayoshughulikia haki za watoto iliamua kwamba Kenya ilikuwa imewanyima watoto wa Kinubi haki yao ya uraia. Mwaka wa 2016 Wamakonde, ambao wazee wao walitoka Msumbiji na wengi wakafanya kazi kwenye mashamba ya mkonge kule Pwani, walifunga safari ya miguu kutoka Kwale kuja Nairobi kumwona Rais. Mwaka uliofuata wakapata vitambulisho, wakaitwa kabila la 43. Jamhuri Dei ya 2020, Washona waliokuja na kanisa lao kutoka Zimbabwe wakatangaziwa uraia pia. Na Februari 2025, huko Wajir, Rais William Ruto alitia saini tangazo la kuondoa msasa wa ziada, hasa kwa kaunti za mpakani.

Nilifurahi kila mara, sitakuficha. Lakini kuna kitu kinanikera kwenye hizi sherehe. Mtu aliyezaliwa hapa anapewa kadi mbele ya kamera na anatakiwa ashukuru kama aliyepewa unga wa msaada. Katiba ya 2010 haisemi hivyo. Ibara ya 14 inasema mzazi wako mmoja akiwa Mkenya, wewe ni Mkenya kwa kuzaliwa. Haikuulizi kabila. Hata mgeni kabisa, akikaa hapa kihalali miaka 7 mfululizo na kutimiza masharti mengine, Ibara ya 15 inamruhusu kuomba uraia.

Kuna wanaosema msasa ni wa usalama, kwamba kadi zinauzwa. Sawa, zinauzwa. Lakini mwenye pesa za kununua kadi hapangi foleni akiwa na karatasi za nyanya yake zimefungwa kwa plastiki. Anayekwama ni huyu. Hawezi kusajili laini ya simu kwa jina lake, hana M-Pesa yake, mjengo mwingi wa tauni askari wa geti atamrudisha, na polisi wakikutana naye usiku hapo Olympic, unajua kitakachofuata.

Na bado anaipenda hii nchi kuniliko. Harambee Stars wakicheza, yeye ndiye hupaka uso rangi za bendera. Mamake hutukaangia gurusa mechi ikiwa usiku, na baada ya kipigo jamaa hununa siku mbili. Mimi nilishakata tamaa na hiyo timu kitambo.

Wewe unaweza kufanya kitu kimoja rahisi: acha kuuliza “lakini asili yenu ni wapi?” mtu anapokuambia kwao ni Kibra. Na jirani akihitaji shahidi wa kusema amemjua tangu utotoni, enda. Usimwambie uko bize.

Jumanne jamaa anarudi tena kwa wazee, safari hii na picha ya babu wa babake akiwa na sare na bunduki. Nitamsindikiza. Tunatoka saa kumi na mbili asubuhi, kabla foleni ifike barabarani.