MAFUNDI WA PIKAPU KUUKUU WASIACHWE NJIANI

Mkulima wa korosho wa Nachingwea au Ruangwa akishavuna, kazi yake imefika nusu tu. Nusu iliyobaki ni kuutoa mzigo shambani na kuufikisha kwenye ghala la chama cha msingi kabla mvua hazijaharibu njia. Lori kubwa haliingii katika vijia vya mikorosho, na bodaboda huchukua gunia moja au mawili. Chombo kiingiacho, kikapakia na kutoka, ni pikapu. Na mara nyingi pikapu hiyo ni kuukuu, umri wake umeuzidi wa kijana anayeiendesha. Watu huiita mkweche. Lakini mkweche huo hautembei kwa bahati. Unatembea kwa sababu yupo fundi, uani kwake au uani kwa mwenye gari, aliyeufungua, akaubadilisha injini, akauongezea majani ya spring, akauchomelea bodi mpya na kuurudisha barabarani.

Gazeti hili linaamini kwamba kazi hiyo ni ufundi halali unaostahili heshima. Linaamini vilevile kwamba kuiacha iendelee bila uongozi ni kuchezea roho za watu. Serikali isiwafukuze mafundi hawa, wala isiwafumbie macho. Iwatambue, iwafundishe na iikague kazi yao.

Wasomaji wetu wa Unguja na Pemba huenda wakauliza habari za Nachingwea zinawahusu nini. Zinawahusu sana. Gari za bodi za mbao, ambazo zimewabeba Wazanzibari wa vizazi kadhaa baina ya mji na shamba, pamoja na ndizi, muhogo na karafuu zao, zilizaliwa na ufundi huohuo: kichwa na chasisi kutoka ng'ambo, mwili kutoka mikononi mwa seremala na mchomeleaji wa hapa petu. Wazee wetu wa pwani walisema, "Usione vyaelea, vimeundwa." Walikisema kwa jahazi, leo twaweza kukisema kwa gari.

Tena Nachingwea si mgeni wa somo hili. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mpango mkubwa wa kulima karanga katika Tanganyika, na Nachingwea ikawa mojawapo ya sehemu zake tatu, pamoja na Kongwa na Urambo. Kwa kuwa trekta mpya zilikuwa adimu baada ya Vita Kuu ya Pili, wenye mpango walinunua mitambo iliyokwisha kutumika kutoka akiba za kijeshi. Hata vifaru vya Sherman viligeuzwa kuwa trekta zilizoitwa Shervick. Bandari ya kina kirefu ilijengwa Mtwara, na reli ikatandikwa hadi Nachingwea. Mwaka 1951 mpango ulivunjwa, ukiwa umekula takriban pauni milioni 36. Reli nayo ilifungwa mwaka 1962.

Sababu za anguko lile zilikuwa nyingi: mvua zisizotosha, udongo usioeleweka, na haraka ya wakubwa waliokuwa mbali. Lakini mojawapo ilikuwa mashine zilizoletwa bila vipuri vya kutosha na bila mafundi wa kutosha waliozizoea. Mitambo mingi ilikufa mapema, ikasimama. Hapo pana funzo la kudumu: mashine kuukuu yenye fundi ni mali, na mashine isiyo na fundi, hata ikiwa imegharimu mamilioni, ni chuma chakavu.

Taifa letu lilijifunza somo hilo kwa mara ya pili katika miaka ya 1970 na 1980. Bei ya mafuta ilipanda, vita dhidi ya Idi Amin vya mwaka 1978 na 1979 vilimeza fedha za kigeni, na vipuri vikawa haba. Magari hayakuweza kutupwa, kwa sababu hapakuwa na ya kuziba pengo. Ndipo mafundi wetu walipojifunza kuitia gari hii kiungo cha gari ile, kuchonga bushi kwa mpira wa tairi, na kukigeuza kipande cha reli kuwa fuawe. Bajeti ya mwaka 1984 ilipowaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa kutoka nje, pikapu zilikuwa miongoni mwa vitu vilivyoingia kwa wingi. Zile zilizofungwa viti viwili vya mbao vinavyotazamana, zikabeba abiria mjini Dar es Salaam, watu waliziita "chai maharage".

Kwa hiyo mtu anayeijenga upya Hilux au Land Rover yake huko Ruangwa hafanyi mzaha wala ushamba. Anaendeleza elimu iliyopatikana kwa shida. Na anafanya hesabu ya busara: gari mpya ya aina hiyo haishikiki kwa mkulima wa ekari chache. Kuna zao la ufuta linalouzwa katikati ya mwaka, zikifuata mbaazi, kisha korosho. Pikapu moja iliyotengenezwa vizuri huhudumia misimu yote mitatu, ikampeleka mgonjwa hospitali na kuleta saruji ya ujenzi wa madarasa.

Hata hivyo, hatutakuwa tumewatendea haki mafundi hao tukiwasifu tu. Mgema akisifiwa sana, tembo hulitia maji. Yapo makosa yanayorudiwa katika gereji bubu, na makosa hayo huua.

La kwanza ni kuanza na nguvu na kusahau breki. Mwenye gari hutaka injini kubwa. Huing'oa ya petroli iliyochoka na kuweka ya dizeli, ambayo ina nguvu ya kuvuta na hunywa mafuta kidogo. Uamuzi huo si mbaya. Lakini kile kifaa kinachompunguzia dereva kazi ya kukanyaga breki huendeshwa kwa mvuto wa hewa. Injini ya petroli huutoa mvuto huo yenyewe. Ya dizeli huhitaji pampu maalumu, ambayo katika injini nyingi hukaa pamoja na jenereta ya kuchajia betri. Fundi akiiacha pampu hiyo, au akifunga jenereta isiyo nayo, gari itakwenda kwa kishindo, na siku ya mteremko kanyagio la breki litakuwa gumu kama jiwe.

La pili ni majani ya spring. Kila mwenye pikapu hutaka iinuke nyuma ili ibebe zaidi. Lakini pikapu nyingi za Kijapani zina kifaa kidogo karibu na ekseli ya nyuma, kilichounganishwa nayo kwa mkono wa chuma, ambacho hupima jinsi bodi inavyoshuka kwa uzito wa mzigo. Bodi ikishuka, kifaa huziongezea breki za nyuma nguvu. Ikiinuka, hudhani gari ni tupu, kikazipunguzia. Spring zikiongezwa bila mkono huo kurekebishwa, gari iliyojaa shehena hufunga breki kama gari tupu. Wangapi kati ya wanaoongeza majani ya spring wanalijua jambo hilo?

La tatu ni kudanganywa na sura, na hapa wenzetu wa visiwani watatuelewa upesi, kwa kuwa wanaijua chumvi ya bahari. Bodi ya Land Rover za zamani ni ya aluminiamu, hailiwi na kutu kwa urahisi. Chasisi yake ni ya chuma, nayo huoza kuanzia ndani, mahali jicho lisipofika. Gari huweza kung'aa kwa rangi mpya huku uti wake wa mgongo umekwisha. Kabla ya kununua rangi, bampa na keria, mwenye gari aigonge chasisi kwa nyundo kutoka mbele hadi nyuma na kuisikiliza. Aidha atazame tarakimu nne zilizopigwa ubavuni mwa tairi: mbili za mwanzo ni wiki ya mwaka, mbili za mwisho ni mwaka wenyewe. Tairi lenye meno mazuri laweza kuwa zee kuliko linavyoonekana.

La nne ni tamaa ya mzigo. Gunia la korosho lina kilo 80 hivi. Pikapu iliyoundwa kubeba tani moja, basi, ni ya gunia 12. Gunia 25 ni tani mbili. Fundi anaweza kuziongeza spring, lakini hakuongeza ukubwa wa ekseli, wala fani za magurudumu, wala breki. Na juu ya gunia hizo tunawaona binadamu wameketi, wengine wamewapakata watoto. Gari ya mizigo si basi, na hakuna uchomeleaji utakaoligeuza gunia kuwa kiti.

Sasa tunawageukia wenye mamlaka. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 tunayo, na askari wa usalama barabarani wapo. Hata hivyo, mwananchi wa kijijini hukutana na sheria hiyo njiani tu, anaposimamishwa. Hukutana nayo kama adhabu, na ni nadra kuijua kama mwongozo. Gari likishaungwa vibaya, faini haiwezi kuliunga upya; na mwenye gari akishalipa, huendelea na safari kwa breki zilezile.

Tunapendekeza mambo manne. Kwanza, Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, VETA, tayari ina utaratibu wa kuwapima na kuwapa vyeti watu waliojifunza kazi nje ya madarasa. Utaratibu huo uwafuate mafundi wa Nachingwea na Ruangwa walipo, na mafunzo yake yatilie mkazo breki, usukani na uchomeleaji wa chasisi. Fundi wa miaka ishirini hahitaji kufundishwa jina la spana. Anahitaji kuonyeshwa yale machache ambayo gari za leo zimeyaficha.

Pili, ukaguzi wa magari ufanyike wilayani mwezi mmoja kabla ya msimu wa korosho, hadharani, kwa tarehe iliyotangazwa. Na ukaguzi huo wa kwanza uwe wa kuelimisha: mwenye kasoro aandikiwe la kurekebisha na apewe muda. Atakayekaidi ndipo aadhibiwe. Vyama vya msingi na chama kikuu cha RUNALI, vinavyokusanya korosho za Ruangwa, Nachingwea na Liwale, vina maslahi ya wazi hapa na vinaweza kuhimiza kwamba mzigo upelekwe ghalani kwa gari lililokaguliwa.

Tatu, kadi ya gari ilingane na gari lenyewe. Kadi hutaja namba ya injini na ya chasisi. Injini ikibadilishwa bila taarifa kufika kwa Mamlaka ya Mapato, gari na kadi yake vinakuwa vitu viwili visivyojuana. Na siku ya ajali au ya kuuza, mwenye mali halali ataonekana mwizi. Taratibu za kubadilisha kumbukumbu hizo ziwe nyepesi na zisogezwe karibu, maana mlango ukiwa mbali na wenye kona nyingi, watu hupita dirishani.

Nne, halmashauri zitenge maeneo ya mafundi yenye umeme, shimo la kukagulia gari na mapipa ya oili chafu, ambayo sasa humwagwa ardhini karibu na visima. Asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri imewekwa kwa ajili ya mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kikundi cha vijana wenye mashine ya kuchomelea na jeki nzuri ni mkopaji anayeaminika. SIDO, iliyoundwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, nayo ina wajibu wake hapa.

Viongozi wa Zanzibar nao tunawaomba wasidhani kwamba bahari imewatenga na jambo hili. Usajili wa magari Visiwani una utaratibu wake, lakini chuma hakijui mipaka. Mafundi wa bodi wa Unguja na Pemba, ambao wana ustadi wa mbao usiopatikana kwingi, wanastahili cheti na ukaguzi uleule. Inafaa hata wabadilishane elimu na wenzao wa kusini: wao wakafundishe bodi, na walete elimu ya barabara za mchanga na udongo mwekundu.

Kwa wenye pikapu wenyewe neno letu ni moja, nalo ni utaratibu wa kazi. Anza na chasisi, fuata breki, usukani na tairi, kisha taa, kisha spring kwa kadiri ya uzito uliokusudiwa, injini iwe baada ya hayo yote, na rangi iwe ya mwisho. Anayeanza na rangi na injini amelipamba jeneza.

Yamesemwa mengi nchini kuhusu viwanda, na mara nyingi macho yetu huelekea kwenye mabomba marefu ya moshi. Lakini kiwanda kimojawapo kipo tayari Nachingwea na Ruangwa, chini ya miembe, bila bango wala mhasibu. Kinachukua kitu ambacho ulimwengu umekitupa na kukirudisha kazini. Kinachokosa ni mkono wa serikali wa kukinyoosha. Tunaomba mkono huo ufike kabla msimu ujao haujafunguliwa, wakati bado kuna nafasi ya kukaza nati badala ya kuchimba kaburi.