Kabla ya kuipa kompyuta mbio, ipe hewa

Nina ugomvi na vijana wenzangu wanaopenda kompyuta. Ugomvi si mkubwa, ila una fedha ndani yake, na kwa kijana ambaye kompyuta ndiyo shamba lake, fedha hizo si za kuchezea. Nawazungumzia wale wanaohariri video za harusi, wanaorekodi muziki chumbani, wanaochora ramani za nyumba na, ndiyo, wale wanaocheza gemu hadi majogoo.

Ugomvi wenyewe ni huu. Tumeiga kwa wenzetu wa nje tabia ya kuilazimisha prosesa ikimbie kuliko kasi iliyopangiwa kiwandani, wenyewe wanaita ovakloki. Lakini kile kinachotangulia, yaani kupooza, hatukukiiga. Mtu anajinyima miezi sita anunue prosesa kali na kadi ya picha kali zaidi, halafu kwenye feni anachukua yoyote iliyobaki dukani. Ukimuuliza anakujibu, "Feni ni feni tu, bwana." Jamani, si kweli.

Mchezo huu si wa leo. Mwaka 1998 Intel walitoa prosesa ya bei nafuu, Celeron 300A, ya megahezi 300. Watu wakagundua kwamba ukipandisha kasi ya basi kutoka 66 hadi 100, inakimbia megahezi 450 bila kulalamika. Ni sawa na kununua baiskeli ukaondoka na pikipiki. Tangu hapo tamaa haijaisha. Miaka mitatu baadaye, 2001, tovuti ya Tom's Hardware ilionyesha video ya prosesa zikivuliwa vipozaji zikiwa kazini. Pentium 4 ilipunguza mwendo ikaendelea kupumua, Athlon ya AMD ikaungua na kutoa moshi.

Prosesa za leo zina akili kuliko ile Athlon. Zikifika nyuzi 95 au 100, kutegemea aina, zinajipunguzia kasi zenyewe. Hapo ndipo wengi wanapodanganyika. Kwa kuwa kompyuta haizimi wala haitoi moshi, wanadhani mambo ni shwari. Kumbe wamelipia gigahezi 5 na wanapewa 3. Wanaibiwa kimya kimya, na mwizi ni joto.

Tufanye hesabu kidogo. Joto la prosesa linapanda sambamba na kasi, lakini kwa volti linapanda kwa kipeo cha pili. Ukiongeza kasi kwa asilimia 20, na ili isiyumbe ukaongeza volti kwa asilimia 10, unazidisha 1.2 kwa 1.21, unapata 1.45. Maana yake asilimia 20 ya mbio umeinunua kwa asilimia 45 ya joto, na joto hilo lazima liende mahali. Kipozaji cha hewa hakitengenezi baridi. Kazi yake ni kuhamisha joto kutoka kwenye chuma kwenda kwenye hewa ya chumbani, na hakiwezi kuishusha prosesa chini ya joto la hewa hiyo.

Sasa tuje nyumbani. Bukoba ina wastani wa nyuzi 21 hivi mwaka mzima. Dar es Salaam mchana wa Februari unavuka 30. Kwa hiyo kijana wa Bukoba anaanza mbio akiwa mbele ya mwenzake wa Dar kwa nyuzi kadhaa, bure, bila kununua kitu. Zawadi hiyo ina makato kidogo. Mji uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi kuliko ya Dar kwa karibu asilimia 10, na hewa nyepesi inabeba joto kidogo kwa kila mzunguko wa feni. Lakini ukijumlisha na kutoa, Bukoba bado inashinda. Wanaosema kompyuta za huku zinachemka kwa sababu ya "hali ya hewa ya Afrika" waache kuisingizia Afrika.

Zinachemka kwa sababu ya uchafu. Barabara za vumbi jekundu Muleba na Kishanda mnazijua. Wale wadudu wadogo wa ziwani wanaokuja usiku kama moshi wakifuata taa mnawajua pia. Feni inavuta vyote. Baada ya miezi michache, nafasi kati ya mapezi ya kipozaji zimeziba kama blanketi, na hapo hata feni ya dhahabu haikusaidii. Na senene, kwa heshima zote, ni watamu kwenye kikaango, si ndani ya kompyuta.

Hapa kwetu ndipo pasipostahili kabisa kudharau hewa. Wafua chuma wa Kagera walijenga tanuri, wakapanga mirija ya udongo na mivukuto, wakapeleka hewa pale ilipohitajika. Mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery waliandika katika jarida la Science kuhusu ufundi huo wa Wahaya, wakieleza kwamba hewa ilipashwa moto ndani ya mirija kabla ya kufika kwenye makaa. Wataalamu wamebishana juu ya maelezo hayo, lakini hakuna anayebisha kwamba wazee wale waliipa njia ya hewa uzito wake. Wao walitafuta joto, sisi tunalikimbia. Swali ni lile lile: hewa inaingia wapi na inatokea wapi?

Ukishajibu swali hilo, kuchagua ni rahisi. Haya ndiyo ninayoyaamini.

Kwanza, ukubwa. Feni ya milimita 120 ina eneo mara mbili na robo la ile ya milimita 80. Inasukuma hewa nyingi ikizunguka taratibu, kwa hiyo haina makelele. Kama kasha lako linakubali 120 au 140, usinunue ndogo.

Pili, beringi. Feni za bei ya kutupa nyingi zina bushi, na mafuta yake hukauka kwa joto, hasa ikifungwa kwa kulala. Ya gololi inadumu zaidi ingawa inapiga kelele kidogo. Ile inayoelea kwenye mafuta ni kimya na inadumu, lakini bei yake iko juu. Kwa mtu anayefanya kazi kila siku, bushi ni hasara.

Tatu, kazi ya feni. Kuna zilizoundwa kupitisha hewa nyingi mahali pa wazi, hizo zifunge nyuma zitoe hewa. Nyingine zimeundwa kusukuma kwa nguvu penye kizuizi. Hizo ndizo za kwenye kipozaji na nyuma ya chujio la vumbi. Chagua zenye waya nne, ili mazabodi iweze kuzipunguza na kuziongeza kasi kulingana na joto.

Nne, mpangilio. Hewa iingie mbele, itokee nyuma na juu. Na kwa mazingira yetu, zinazoingiza ziwe na nguvu kuliko zinazotoa, na zote zinazoingiza ziwe na chujio. Hewa ikizidi ndani inajitafutia njia ya kutoka kwenye kila upenyo, na vumbi linakosa pa kupenyea. Ukifanya kinyume, kila tundu la kasha linageuka pua ya kuvuta vumbi.

Tano, kipozaji cha prosesa. Hapa nitagombana na wengi. Vile vya maji vinavyouzwa vikiwa vimefungwa ni vizuri kwa macho, na vikubwa vyake vinapooza kweli. Lakini pampu ikifa Bukoba, umekwisha, unasubiri mzigo kutoka mbali. Kipozaji cha hewa chenye mirija ya shaba, mfano Hyper 212 ya Cooler Master au Peerless Assassin ya Thermalright, feni yake ikifa unafunga nyingine yoyote ya 120 na maisha yanaendelea. Chuma hakifi. Mahali ambapo spea ni shida, kitu kinachotengenezeka kinakishinda kitu kinachovutia.

Pima kabla ya kununua. Noctua NH-D15 ina urefu wa milimita 165, na kuna makasha haitaingia hata uombe. Tena, ikiwa na feni zake, inazidi kilo moja. Ukiinunulia Dar na kuisafirisha ikiwa imefungwa kwenye mazabodi, zaidi ya kilometa 1,300 za basi na matuta yake, usishangae ukifika na mazabodi iliyopasuka. Ivue, ifunge peke yake, uifungie nyumbani. Pesti weka kiasi cha punje ya njegere, si kupaka kama siagi kwenye mkate.

Najua kuna atakayesema, "Mimi natoa ubavu wa kasha, naelekezea feni la mezani, mambo yamekwisha." Nimeona ofisi na studio nyingi zikifanya hivyo. Kwa siku moja inasaidia. Kwa mwaka mzima umeifungulia mlango kila mende, mjusi na punje ya vumbi, na hewa haina tena njia, inapigapiga tu. Dawa ya kasha linalochemka ni kulisafisha na kulipanga. Kila mwezi au miwili zima, chomoa waya, shika mapanga ya feni yasizunguke, kisha pitisha bloa na brashi laini.

Mwingine atasema ana kompyuta ya ofisi iliyotumika Ulaya, OptiPlex au mfano wake, anataka kuiongezea mbio. Ndugu yangu, nyingi za hizo hazina hata mahali pa kubadilishia kasi, na kipozaji chake kimekatwa kwa umbo la kasha lake. Badilisha pesti iliyokauka, ondoa vumbi, ongeza memori. Utapata unachokitafuta kwa gharama ndogo.

Na umeme? Kwa miaka mingi Bukoba ilikuwa ikipata umeme kutoka Uganda, na kukatika kwake au kupungua nguvu hakuhitaji mwandishi wa habari kukueleza. Prosesa iliyopandishwa kasi inataka volti tulivu. Kama bajeti inatosha kitu kimoja, UPS nzuri itangulie ovakloki.

Je, nakataza ovakloki? Hapana. Nasema iwe ya mwisho kwenye foleni, na faida yake siku hizi imepungua. Prosesa mpya zinajipandisha zenyewe hadi karibu na mwisho wa uwezo wao, mradi tu zipate ubaridi. Ukiwa na kipozaji kizuri unapata mbio hizo bila kugusa kitu. Wengine wanafanya kinyume, wanapunguza volti kidogo kidogo wakipima uthabiti kwa programu kama Prime95 au OCCT, joto linashuka na kasi inabaki pale pale. Huo ndio ujanja ninaouheshimu.

Anayebisha akumbuke mwaka 2024. Prosesa za Intel za kizazi cha 13 na cha 14 zilianza kuyumba mikononi mwa watumiaji, hata wa nchi zenye baridi na umeme wa uhakika. Kampuni ikakiri kwamba volti iliyozidi ilikuwa inaziharibu, ikatoa marekebisho na kuongeza dhamana kwa miaka miwili. Kama kiwanda chenyewe kilisukuma volti kikajikwaa, wewe mwenye prosesa ya kudunduliza, dhamana yako ikiwa kwenye duka ambalo mwakani huenda lisiwepo, unakimbilia wapi?

Nunua feni kwa kuijua kazi yake. Shilingi unayoiweka kwenye hewa inailinda ile kubwa uliyoiweka kwenye prosesa. Mbio zitafuata zenyewe.

Naomba kuwasilisha.