Mpango wa Kasansa Usipikwe Ofisini

Kijana unayehangaikia maisha mjini Mpanda, mpango wa mkoa haushuki kutoka mbinguni. Unatakiwa uanzie kijijini.

Katiba yetu, ibara ya 146, inasema serikali za mitaa zipo ili kupeleka madaraka kwa wananchi. Utaratibu wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo nao uko wazi: kijiji kinataja vipaumbele, kata inavikusanya, halmashauri inaviingiza kwenye mpango wake.

Mkoa wa Katavi ulimegwa kutoka Rukwa mwaka 2012 ili serikali isogee karibu na watu. Je, yalisogea masikio au viti tu? Mkulima wa mpunga wa Kasansa akidai barabara ya kupitisha magunia masika, kauli yake isifie kwenye kabati la kata.

Na wewe wa mjini, mtaa wako una mkutano. Ukisusa, vigogo watapanga, kisha utaambiwa ulishirikishwa. Nenda, sema, dai muhtasari usomwe hadharani. Uliza: lipi limechukuliwa, lipi limetupwa, na kwa nini?

Kusaini karatasi ya mahudhurio si kukubali mpango!