Mchujo Umepanuliwa, Ujirani Umevunjwa

Huko Marekani kuna ligi ya vyuo vikuu iitwayo Big Ten, yaani Kumi Wakubwa, nayo tangu 2024 ina vyuo 18. Iko na nyingine yenye jina la Pwani ya Atlantic, na mwaka huo huo ikakipokea Stanford, chuo cha California, upande wa Pasifiki. Sisi tuliozaliwa pwani twashangaa kidogo, lakini fedha za televisheni hazina haja na ramani.

Mchezo wenyewe ni ule mpira wa Kimarekani wa kubeba kwapani na kuangushana, na najua wasomaji wengi hawaufuati. Nauandikia kwa sababu una habari yetu ndani yake. Mwaka 1978 Henry Rono, kijana wa Nandi aliyekuwa akisoma Washington State katika mji mdogo wa Pullman, kati ya mashamba ya ngano, alivunja rekodi nne za dunia kwa siku 81. Mwaka mmoja kabla, Samson Kimobwa wa chuo hicho hicho alikuwa amevunja ile ya mita 10,000. Basi ifahamike kwamba katika vyuo vikubwa vya Marekani mpira ndio chungu. Mwanariadha, mwogeleaji na wenzao aghalabu hula humo.

Washington State kilikuwa katika ligi ya Pac-12, ligi ya vyuo vya magharibi. Mwaka 2022 USC na UCLA vikatangaza kuhamia Big Ten. Mwaka 2023 vikafuata Colorado, Oregon, Washington, Arizona, Arizona State, Utah, Stanford na California, kila kimoja na njia yake. Vikabaki viwili, Washington State na Oregon State, mfano wa ndugu wawili walioachiwa nyumba ya vyumba kumi na viwili. Walikwenda mahakamani, wakapewa usimamizi wa nyumba na vilivyomo, lakini wageni wa karamu walikuwa wamekwisha kuondoka. Na kosa lao lilikuwa nini? Miji yao ni midogo, na televisheni hununua macho ya watu.

Washington na Washington State walikutana mara ya kwanza 1900, na kwa desturi mechi yao ilikuwa ikichezwa Novemba, mwisho wa msimu, wakati hesabu zote zinapofungwa. Mwaka 2024 ilisogezwa hadi Septemba. Washington State kilishinda 24 kwa 19, na pointi hizo hazikuingia katika msimamo wa ligi yoyote. Hilo lilinisikitisha kuliko habari za mamilioni.

Watetezi wa mambo haya watasema: mbona mchujo umefunguliwa? Ni kweli. Toka msimu wa 2014 timu zilizoingia zilikuwa nne tu. Mwaka 2017 Central Florida ilishinda mechi zake zote 13, ikaachwa nje, ikajitangazia ubingwa yenyewe. (Nami ningefanya vivyo hivyo.) Cincinnati, mwaka 2021, ndiyo iliyokuwa ya kwanza kuingia kutoka ligi ndogo. Tangu 2024 timu ni 12, na bingwa mmoja wa ligi ndogo ana hakika ya kiti. Mwaka huo akakaa Boise State. 2025 wakaingia wawili, Tulane na James Madison.

Tulane ilifungwa 41 kwa 10, James Madison 51 kwa 34, na papo hapo zikasikika sauti kwamba wadogo hawastahiki. Insafu iko wapi? Makocha wa timu zote mbili waliingia mchujoni wakiwa wamekwisha kukubali kazi katika vyuo vikubwa, mmoja Florida na mwengine UCLA. Mchezaji anayeng'ara kwa mdogo huhama mwaka ufuatao, kwani tangu Julai 2025 chuo chaweza kumlipa mchezaji moja kwa moja, na kikomo cha mwaka wa kwanza kilikuwa kama dola milioni 20.5. Wa kuzitoa ni wachache. Kadhalika katika mkataba wa mchujo unaoanza 2026, ligi mbili kubwa zajitwalia zaidi ya nusu ya mapato. Ligi ndogo zote pamoja hazipati hata sehemu moja katika kumi.

Rono alifariki Februari 2024. Juni 2025 chuo chake kikatangaza kuondoa michezo ya kurusha na kuruka na kupunguza mbio fupi, kibakize hasa mbio ndefu. Nilipoisoma habari hiyo nilifurahi kwanza, maana mbio ndefu ndizo zetu. Kisha nikamfikiria kijana wa Pullman aliyekuwa akifanya mazoezi ya mkuki.