Saa ya Mkononi na Ushahidi Wake



Saa ya mkononi ni pambo la zamani katika pwani yetu. Alijivunia nayo mwalimu, karani wa bandarini, na bwana harusi aliyevishwa saa mpya siku ya nikaha. Tarehe 25 Desemba 1969 ilipotoka Seiko Astron mjini Tokyo, saa ya kwanza ya mkononi ya kwatzi kuuzwa madukani, bei yake ilikaribia ile ya gari dogo. Lakini ufundi huohuo ndio uliokuja kuifanya saa iwe rahisi, hata ikamfikia kila mtu. Leo pambo hilo limebadilika sura. Kwa shilingi elfu chache tu, mtu hupata katika maduka ya simu saa yenye kioo king'aavu, mkanda laini wa mpira au wa chuma, na sura za kubadilisha kila siku zifuate rangi ya kanzu au ya dera. Ndiyo saa janja. Vijana wameipokea, akina mama wameipenda, na wazee nao sasa wanaletewa zawadi na watoto wao walioko Ghuba.

Sisi wa ukurasa huu tumeishi na saa za namna hii mwaka mzima, zikipita mikononi mwa wakubwa na wadogo wa nyumba zetu. Tumeona tuseme nanyi ni mambo yapi yafaa kukabidhiwa saa hii, na yapi si yake hata kidogo.

Tuanze na wema wake, kwani upo. Saa hizi ni nyepesi, na nyingi hukaa siku kadhaa bila kuchajiwa. Mama akiwa jikoni na mikono imejaa unga, hutazama mkononi akajua ni nani apigaye simu, naye akaamua kama ni wa kupokewa sasa au wa kungoja chapati ziive. Anayepita sokoni huiacha simu ndani ya mfuko, mbali na macho ya wezi. Anayetaka kuamka kwa daku hutetemeshwa mkono peke yake, na mtoto mchanga akaendelea kulala. Kwa kukumbusha, saa hii ni khadimu mwema: wakati wa vidonge, wakati wa kumchukua mtoto madrasa, wakati wa kuinuka baada ya kukaa mno.

Maji ni jambo la pili, nasi ni watu wa maji. Kasha likiandikwa IP68, maana yake ni kwamba vumbi haliingii, na kwamba saa imepimwa kwa kuzamishwa katika maji matamu kwa kina na muda aliousema mtengenezaji. Kipimo hicho hakizungumzii chumvi ya bahari, sabuni, wala mvuke wa maji ya moto. Mwenye kuoga nayo baharini asishangae vile vijino vya kuchajia vikiota kutu. Na kwa mwenye kutawadha, saa kuvumilia maji hakutoshi, maana maji hayana budi kuifikia ngozi iliyo chini yake. Ivuliwe, au ilegezwe na kusogezwa mpaka sehemu ile ioshwe. Kufanya hivyo kuna faida ya pili, kwani jasho na sabuni vikikwama chini ya mkanda katika joto letu huleta vipele na mwasho.

Jambo la tatu ni nyakati. Nyingi ya saa hizi, zikiunganishwa na programu ya simu, hutoa arifa za nyakati za swala, na watu wengi wamekwisha kuziamini kama wanavyomwamini mwadhini. Yafaa ijulikane kwamba nyakati hizo ni hesabu, na hesabu ina njia zaidi ya moja. Ipo inayohesabu Alfajiri jua likiwa digrii 15 chini ya upeo wa macho, nayo hutumika sana Amerika ya Kaskazini. Ipo ya digrii 18, na ipo ya Misri ya digrii 19.5. Kwetu huku karibu na ikweta kila digrii moja ni takriban dakika 4, kwa hiyo baina ya ya kwanza na ya mwisho kuna tofauti ya dakika kama 18. Mwenye kufunga na azipime dakika hizo. Kadhalika Alasiri: programu iliyowekwa kwa madhehebu ya Hanafi itachelewa takriban saa nzima kuliko ile ya Shafi iliyozoeleka pwani. Programu haijui wewe ni nani, hufuata tu ilichoandikiwa tangu ilikotoka. Ifungueni, itazameni njia iliyochaguliwa, kisha ilinganisheni na ratiba ya msikiti wenu. Zikipishana, msikiti ndio wa kufuatwa.

La nne ni hatua. Saa nyingi huja zimewekewa lengo la hatua 10,000 kwa siku, na baadhi yetu huhuzunika usiku wakikuta wamefikia 6,000. Asili ya namba hiyo ni kifaa cha kuhesabu hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965, baada ya Olimpiki ya Tokyo, ambacho jina lake lilimaanisha kipimo cha hatua elfu kumi. Lilikuwa jina la kuuzia bidhaa. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2019 kuhusu wanawake wazee ulionyesha kwamba waliotembea hatua kama 4,400 kwa siku walikuwa na hali bora kuliko waliotembea chache zaidi, na faida iliendelea kupanda mpaka karibu 7,500, kisha ikatulia. Basi bibi anayekwenda sokoni na kurudi kwa miguu asivunjwe moyo na mkanda wa mkononi.

Sasa tufike penye uzito wa maneno yetu, napo ni afya.

Chini ya saa kuna taa ndogo za kijani. Damu hufyonza mwanga huo. Kila moyo unapopiga, damu huongezeka katika mishipa ya kifundo cha mkono na mwanga unaorudi hupungua, nayo saa huhesabu kupanda na kushuka huko. Kwa mtu aliyetulia, na mkanda umekaa vizuri, hesabu hii ya mapigo ya moyo hukaribia ukweli. Lakini kasha la saa ya bei nafuu haliishii hapo. Huahidi pia shinikizo la damu, oksijeni, na wakati mwingine sukari. Wahenga wametuambia kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na ahadi hizi zajitembeza sana.

Mashine ya kweli ya kupima shinikizo la damu huubana mkono, kisha ikaachia polepole, ikatambua ni kwa nguvu gani damu yapita. Saa hizi hazina kitu cha kubana. Hutazama umbo la mapigo, na nyingine huchanganya na umri na urefu ulioziandikia, kisha zikakisia. Na kwa kuwa watu wengi wazima wana namba zilizo karibu na 120 kwa 80, kisio la kuelekea hapo litaonekana sahihi mara nyingi. Litakosea kwa yule mmoja anayelihitaji.

Katika jamaa yetu yuko mzee anayetumia dawa za shinikizo la damu. Mwanawe alimletea saa nzuri ya rangi ya fedha, naye akaipenda kama kijana. Kila asubuhi ilimwonyesha namba za kufurahisha. Wiki zikapita, akaanza kuruka vidonge, na akiulizwa husema, "Mwanangu, saa yasema mimi ni mzima." Siku alipopelekwa kliniki kwa kikohozi tu, muuguzi alimfunga mashine mkononi, na namba ya juu ikapita 170. Saa ilikuwa ingali kwenye mkono wa pili, ikiandika 121. Mzee hakuwa na kichwa kinachouma wala kizunguzungu, kwa kuwa maradhi haya huenda kimya mpaka siku ya kiharusi. Alhamdulillahi, amerudia dawa zake.

Kuhusu sukari tuseme kwa ufupi: tarehe 21 Februari 2024 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa onyo kwamba haijaidhinisha saa wala pete yoyote inayodai kupima sukari ya damu peke yake bila kutoboa ngozi. Mwenye kisukari akipanga sindano yake kwa kufuata namba ya saa, amejitia hatarini. Na kuhusu oksijeni, utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020 uliona kwamba hata vipimo vya kidoleni vya hospitali vilishindwa kugundua upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi kuliko kwa wagonjwa weupe. Ikiwa cha hospitali kina upungufu huo juu ya ngozi kama zetu, cha mkononi cha bei nafuu kisipewe hukumu.

Anayetaka kuhakikisha na aifunge saa yake kwenye kitambaa kilichoviringwa, au kwenye ndizi mbivu. Zipo zitakazoandika mapigo ya moyo wa ndizi, na nyingine zitasoma na shinikizo lake la damu.

Njia iliyo salama si ngumu. Shinikizo la damu lipimwe kliniki, au nyumbani kwa mashine ya kufunga juu ya kiwiko. Keti dakika 5 bila kuzungumza, mgongo umeegemea, miguu imekanyaga chini, mkono umelazwa usawa wa moyo bila nguo kubana. Namba zikirudia kufika 140 kwa 90 au zaidi kwa siku mbalimbali, muone daktari. Na dawa haiachwi kwa kauli ya saa, wala ya jirani, ila kwa kauli ya aliyeiandika.

Neno moja kuhusu siri. Saa hizi hupeleka mapigo yako, usingizi wako na mahali ulipo kwenye programu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 imezihesabu habari za afya kuwa miongoni mwa habari nyeti. Programu ya saa ikiomba kuona anwani za simu yako au picha zako, jiulize ina haja gani nazo. Isipokuwa na haja, ikatalie. Kwa saa ya mtoto tuwe wakali zaidi.

Basi kanuni tuliyoifikia ni hii. Mambo ambayo saa ikikosea hasara yake ni ndogo, iachiwe: simu gani imelia, umetembea kiasi gani, ni wakati wa kuinuka. Mambo ambayo ikikosea hasara yake ni swala, funga au uhai, yarudishwe kwa wenyewe: msikitini, kliniki, kwa daktari. Saa hukumbusha vizuri, lakini ushahidi wake haujitoshelezi.

Wiki hii, msomaji wetu, ukienda kuwasalimu wazazi, tazama mkononi mwao. Ukiikuta saa, isifu uzuri wake, kisha uulize kwa adabu vidonge viko wapi, na lini walipimwa mara ya mwisho.

Wabillahi tawfiq.