Mwacheni mwanafunzi abuni nchi yake

Nafundisha jiografia sekondari jijini Arusha. Kila mwaka huwapa kidato cha tatu kazi ambayo baadhi ya wenzangu huiona ni kupoteza muda: buni nchi isiyokuwepo, ichoree ramani, kisha uitetee mbele ya darasa. Mimi naamini kazi hiyo inafundisha jiografia vizuri kuliko kukariri orodha ya milima ya dunia nzima.

Huwa tunaanza na Mordor, nchi aliyoibuni J.R.R. Tolkien katika The Lord of the Rings, riwaya iliyotoka mwaka 1954 na 1955, ambayo vijana wengi wanaifahamu kwa filamu zake. Milima imeizingira Mordor magharibi, kaskazini na kusini, na safu hizo zinakutana karibu kwa pembemraba. Wapo wanajiolojia walioikosoa kona hiyo, na wana hoja. Mabamba ya ganda la dunia yanaposukumana, milima huinuka kwa safu ndefu, kama Himalaya iliyojipinda kwa takriban kilomita 2,400. Lakini Tolkien alichora ramani yake kabla nadharia ya mabamba haijakubalika, maana hiyo ilishika miaka ya 1960.

Kwenye maji alipatia. Katikati ya Mordor aliweka bahari ya ndani, Núrnen, akaieleza kuwa ni chungu. Ziwa lisilo na mto wa kutokea hupoteza maji yake kwa jua tu, na chumvi zote zilizoletwa na mito hubaki humo. Aliyewahi kuona magadi yalivyoganda Ziwa Natron haambiwi mara mbili.

Halafu tunafika kwenye volkano. Hadithi nzima inaelekea Mlima Orodruin, ambako pete ya dhahabu lazima itupwe motoni. Nawauliza: pete ya dhahabu ya kawaida tukiitupa Oldonyo Lengai, itayeyuka? Karibu wote hujibu ndiyo. Basi tunapiga hesabu. Dhahabu huyeyuka kwenye nyuzijoto 1,064. Lava ya basalti hufikia 1,100 hadi 1,200. Lava ya Lengai, iliyojaa kaboneti za sodiamu, ina kama 500 hadi 600 tu. Pete ingebaki nzima! Lava hiyo hutoka nyeusi, nyepesi kama mafuta, na baada ya muda mfupi unyevu wa hewa huigeuza kuwa nyeupe. Hakuna volkano nyingine hai inayojulikana kutoa lava ya namna hiyo, na hii iko mkoani kwetu.

Baada ya hapo wanashika penseli. Msichana mmoja alichora ziwa linalotoa mito miwili, kila mmoja ukienda bahari yake. Wenzake wakambana: maji hufuata mteremko, sasa ziwa moja litamwagikaje pande mbili miaka yote? Akafuta mto wa magharibi, akainua safu ya milima mahali pake. Kijana wa nyuma akauliza upepo wa mvua unatoka wapi. Mashariki, akajibu, kisha akanyamaza akiitazama ramani. Misitu yake yote ilikuwa nyuma ya ile milima mipya. Akaifuta mwenyewe, akaandika nyika.

Sikumfundisha siku ile kivuli cha mvua, yaani ukavu wa upande wa nyuma wa milima inayozuia upepo wa mvua. Alikigundua kwa sababu nchi ilikuwa yake na alitaka isimame.

Najua tuna mitihani, na muhtasari ni mrefu. Lakini mtihani nao huuliza sababu, na sababu haikaririki kwa urahisi kama jina. Walimu wenzangu, toeni vipindi viwili tu kwa muhula. Nanyi waandishi wetu mnaobuni falme mpya kwa Kiswahili, kabla ya kuupa mlima jina, amueni kwanza ni nini kilichouinua na mito yake inaishia wapi. Msomaji ataamini uchawi wenu kwa urahisi zaidi akikanyaga ardhi inayoeleweka.